Riwaya yangu haikuwa na kurasa za mwisho. Wewe, mwisho gani haujakutoka moyoni?

Fundi_Bondeni

Wanajamvi, salamu kutoka Nakuru. Uzi huu utafichua miisho ya vitabu, kwa hiyo ukiona kinatajwa kitabu ambacho hujakimaliza, ruka.

Mwaka 2009 nilinunua A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa muuza vitabu vya mtumba, yule anayetandaza gunia kando ya barabara. Jalada la nyuma halikuwepo. Sikujali, maana karatasi za ndani zilikuwa safi na bei ilikuwa ya chai na mandazi. Niliisoma karakanani jioni nikingoja gundi ikauke, nikairudia mwaka uliofuata, na tena baadaye. Nakala yangu iliishia kwa wazee, Warui na Wambui, wamebaki na mawazo yao baada ya Mugo kusimama mbele ya umati siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, na kuungama kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Kwangu huo ndio ulikuwa mwisho. Bendera imepanda, mtu waliyemfanya shujaa kumbe ndiye msaliti, na wazee hawana la kusema. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiwaambia watu kwamba riwaya hii inaisha kwa kimya.

Mei 2025 tulipopata habari kwamba mwandishi ametutoka, binamu yangu alikuja karakanani na nakala yake, nzima. Nikaichukua nimsomee ule mwisho ninaoupenda. Nikafunua nyuma, sikuukuta. Baada ya Warui na Wambui kulikuwa na sura nyingine, jina lake "Harambee".

Nilikaa juu ya rundo la mbao nikaisoma yote. Gikonyo yuko hospitalini, amevunjika mkono katika mbio za siku ya Uhuru. Mnakumbuka kwamba Gikonyo ni seremala kama mimi. Alipotoka kizuizini alimkuta mkewe Mumbi ana mtoto wa Karanja, na tangu siku hiyo hakutaka kulizungumza. Sasa amelala kitandani anawaza kigoda ambacho siku nyingi ametamani kumchongea Mumbi. Kigoda cha miguu mitatu: mguu mmoja ni mwanamume aliyeinama kwa uzito, wa pili ni mwanamke, wa tatu ni mtoto, na mikono ya wale wakubwa wawili inakutana juu ya mtoto. Mumbi anakuja kumtazama. Kwa mara ya kwanza Gikonyo anamuuliza habari za mtoto. Mumbi hamkumbatii, hamwambii yamekwisha. Anamwambia yaliyopita kati yao si ya kufutwa kwa sentensi moja, lazima wakae wayaseme. Anaondoka. Gikonyo anabaki na wazo lake, na anaamua kuibadili sura ya yule mwanamke: atamchonga akiwa mjamzito.

Basi. Riwaya imekwisha.

Nawaambia kama fundi. Kiti cha miguu minne kikiwekwa kwenye sakafu yenye mabonde kinacheza, utatia karatasi chini ya mguu mmoja na bado kitacheza. Cha miguu mitatu hakichezi, hata ukikiweka juu ya mawe. Lakini ukiondoa mguu mmoja hakuna kiti tena. Mguu wa tatu ndio yule mtoto, mtoto wa mwanamume mwingine, ambaye Gikonyo hakutaka hata kumtaja. Bila yeye kigoda hakisimami. Sijui kama mwandishi alilipima hili kwa jicho la seremala, ila mimi nimelipima, na limenishinda kulala.

Ule mwisho wangu wa kimya haukuwa mbaya. Lakini niliishi na nusu ya kitabu miaka yote hiyo. Haya, niambieni wenu. Mwisho gani wa riwaya za zamani haujawatoka moyoni, na kwa nini?

Mgongo_Wazi

Fundi, umenigusa. Mimi ni wa Obunga, Kisumu, na jina langu humu wenyeji mnalielewa. Kwa wasiojua, mgongo wazi ni mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishatoa mnofu. Kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mama zetu wanaununua, wanaukausha, wanaukaanga na kutulipia karo.

Kwa hiyo niliposoma The Old Man and the Sea ya Hemingway nilifika mwisho wake nikiwa najua harufu yake. Mzee Santiago amekaa siku 84 bila samaki. Anampata mmoja mkubwa kuliko mtumbwi wake, anapigana naye, anamfunga ubavuni, papa wanamla njiani hadi anafika pwani na uti wa mgongo tu. Asubuhi watalii wanauona ule mfupa ukielea na mkia wake, wanauliza ni kitu gani. Mhudumu anajaribu kuwaeleza habari za papa, nao wanaelewa kwamba huo ndio papa wenyewe. Mwanamke anasema hakujua papa wana mkia mzuri namna hiyo.

Hapo ndipo ninapokufa mimi kila mara. Si yale mapambano ya baharini. Ni yule mtu anayepita, anaona mifupa, anaipa jina lisilo lake, anaenda zake. Nimewaona watu hao Dunga, ufuoni kwetu. Wanashuka garini, wanapiga picha za mitumbwi, na mzee aliyelala macho usiku kucha ziwani anakuwa sehemu ya mandhari.

Kisha ukurasa wa mwisho kabisa: mzee amelala kifudifudi, yule kijana amekaa kando yake anamtazama, na mzee anaota simba. Simba aliowaona ujanani kwenye fukwe za Afrika. Mtu wa Kuba, mikono imechanika kwa kamba, anapumzika kwa kutuota sisi huku.

Usukani_NakuruKisumu

Mimi si msomaji mkubwa, naendesha matatu. Lakini kuna mmoja ninaoujua vizuri kwa sababu nimeuishi.

Wema Hawajazaliwa, ile riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana aliyoitafsiri Abdilatif Abdalla. Abiria aliisahau kwenye kiti, nikakaa nayo wiki tatu nikingoja aje aiulizie, mwishowe nikaisoma. Mwishoni serikali imepinduliwa. Waziri Koomson, aliyekuwa akinuka manukato, anatoroka kwa kupenya tundu la choo. Yule mhusika mkuu asiye na jina amemsaidia kufika kwenye boti, kisha anaogelea kurudi. Sasa anatembea kuelekea nyumbani. Anakuta kizuizi cha polisi barabarani. Basi dogo linasimama, dereva anatoa leseni na noti ndani yake, basi linapita. Serikali ni mpya tangu jana, na noti tayari iko kazini.

Basi linapoondoka anaona maandishi nyuma yake, na ua limechorwa katikati. Maandishi yenyewe ndiyo jina la kitabu kwa Kiingereza, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, na neno moja limekosewa tahajia, kama kwenye magari yetu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu juu ya usukani. Nimeendesha miaka mingi nikidhani maandishi ya nyuma ya gari ni urembo. Huyu mwandishi alichukua kitu cha mchoraji wa magari mwenye rangi na brashi, akakifanya neno la mwisho. Halafu lile ua. Watu husema riwaya hiyo ina uchungu kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini ua lipo. Kama hawajazaliwa, maana yake wanaweza kuzaliwa.

Mzee_Kimilili

Vijana wangu, nawasoma kwa makini na nataka kuwapinga kidogo.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia jikoni, kuni za mvua zikitoa moshi. Alianza kwa paukwa, tukajibu pakawa. Na alipomaliza alisema amemaliza: hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Mtoto akajua sasa ni kulala. Ule ulikuwa uungwana. Msimulizi amekuchukua mbali, na amekurudisha hadi mlangoni kwako.

Ndiyo maana napenda Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa sababu ameanzisha elimu ya sheria katika nchi ile iliyo angani. Anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mema, wakafungwa gerezani kwa ajili ya mema yao. Mwishowe mfalme anasikia. Karama anaachiliwa, na waliofungwa nao wanatolewa. Haki imetajwa kwa jina na imetendwa. Naweza kukifunga kitabu nikaenda kulisha ng'ombe.

Riwaya za baadaye zilinitesa. Kichwamaji ya Kezilahabi, ya 1974, niliifuata kwa hamu, lugha yake tamu, halafu Kazimoto anajiua. Anatuachia nini? Nilikasirika hata nikampa jirani kitabu kile akae nacho. Mwandishi akinibeba kurasa zote hizo, asinitupe mtoni.

Mwalimu_Butere

Mzee, shikamoo. Nakuelewa, na darasani kwangu nusu ya wanafunzi wako upande wako.

Nilipokuwa nikifundisha The Concubine ya Elechi Amadi, nilikuwa nasoma sura ya mwisho kwa sauti, mimi mwenyewe, bila kumwachia mwanafunzi. Mganga Anyika amekwisha kusema kwamba Ihuoma ni mke wa Mfalme wa Bahari, na kwamba kila mwanamume anayemtaka hufa. Ekwueme hajali. Kafara imepangwa, vifaa vinakusanywa, na miongoni mwake ni mjusi. Watoto wanawinda mijusi kwa upinde. Mshale wa Nwonna, mtoto wa Ihuoma mwenyewe, unampata Ekwueme anapojitokeza. Anakufa kwa mshale uliotafuta mjusi wa ile kafara iliyokusudiwa kumwokoa, kwa mkono wa mtoto ambaye yeye alitarajia kumlea.

Darasa lilikuwa linanyamaza, kisha mtu mmoja nyuma anasema, "Mwalimu, hiyo si haki." Kila mwaka. Na kila mwaka nilijibu kwamba ni kweli, si haki, sasa tutafute mwandishi alituonya wapi. Tukirudi nyuma tunakuta alituonya tangu kifo cha Emenike, mume wa kwanza. Sisi ndio hatukutaka kusikia, kwa sababu tulimpenda Ihuoma kama Ekwueme alivyompenda. Hapo ndipo hasira yao ilipogeuka kuwa usomaji.

Kuna jambo jingine, Fundi, kuhusu kurasa zako. Charles Dickens aliandika miisho miwili ya Great Expectations. Katika ule wa kwanza, Pip na Estella wanakutana kwa muda mfupi London, miaka imepita, kisha kila mmoja anakwenda zake. Rafiki yake Bulwer-Lytton, naye mwandishi, alimsihi aubadili. Akaubadili. Katika kitabu kilichotoka 1861 wanakutana kwenye magofu ya nyumba ya Miss Havisham, wanashikana mikono na kutoka pamoja, na Pip anasema hakuona kivuli cha kutengana naye tena. Ule wa kwanza ulikuja kuchapishwa baada ya Dickens kufariki. Wasomaji wamegombana juu yake hadi leo. Mimi naupenda wa kwanza, kwa sababu Estella aliyelelewa kuvunja mioyo hawezi kuponywa na jioni moja ya ukungu. Lakini mke wangu ananiambia nina moyo mgumu, naye kasoma kitabu hicho mara nyingi kuliko mimi.

Binti_Kitale

Naombeni mtu asifichue mwisho wa Siku Njema ya Ken Walibora. Kaka yangu mdogo anaisoma sasa hivi, na simu hii tunaitumia sote wawili. Amemfuata Kongowea kutoka Tanga na anangoja afike huku kwetu Kitale kumtafuta baba yake. Kila jioni ananiuliza, "Atampata?" Namwambia soma.

Wangu ni Weep Not, Child, ya Ngũgĩ huyo huyo. Njoroge amekata tamaa, ameshika kamba, mama yake anakuja na taa kumtafuta gizani, naye Njoroge anamfuata nyumbani akijiona mwoga. Kisha anakimbia mbele na kuwafungulia mama zake wawili mlango. Kitendo kidogo. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na siku mbaya sana, na sentensi ile ya mlango ndiyo iliyoniamsha asubuhi. Siandiki zaidi.

Mzee_Kimilili

Mjukuu wangu, asante kwa kuandika hata hayo. Mlango ule naukubali.

Mama_Kondele

Nimesoma yote kimya kimya, sasa nami niseme.

Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986. Paulina anaingia Nairobi kwa treni kutoka Kisumu mwaka 1956, msichana mdogo, ana mimba, na mimba inatoka. Kisha riwaya inamfuata miaka zaidi ya ishirini, nchi ikipata Uhuru wake, yeye akijifunza kusuka kamba za maisha yake, kufanya kazi, kukaa peke yake, kusema hapana. Anapata mtoto, Okeyo. Na mtoto yule anapigwa risasi hapa Kisumu katika ghasia za 1969.

Sisi wa umri wangu hatuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufungua ile hospitali tunayoiita Russia. Nilikuwa mtoto, nimeshikwa mkono na mama yangu mdogo, na nakumbuka viatu. Viatu vingi barabarani vya watu waliokimbia bila kuviokota. Nilipokuta jambo hilo ndani ya riwaya, limeandikwa kwa sauti ya chini bila kelele, nilifunga kitabu siku nne.

Nilirudi nikamaliza. Mwishoni Paulina na mumewe Martin wamerudiana, watu wazima sasa, na ana mimba tena. Kitabu hakituambii kama mtoto atazaliwa salama. Tunaachwa naye akiwa anangoja, lakini si yule msichana wa kwenye treni aliyekuwa akiogopa kuuliza njia.

Fundi, umeona? Kitabu chako kinaisha kwa mwanamke mjamzito aliyechongwa kwenye mti na mwanamume. Changu kinaisha kwa mwanamke mjamzito mwenyewe, ndani ya ngozi yake, na aliyeandika ni mwanamke. Viweke pamoja mezani usiku mmoja.

Na kwa Mzee wa Kimilili: huo haukufungwa, lakini sikutupwa mtoni. Nilifikishwa ng'ambo nikaachiwa nitembee.

Fundi_Bondeni

Mama, hilo la kuviweka pamoja sikuliwaza kamwe. Nitaitafuta hiyo Coming to Birth wiki hii. Kweli, kigoda bado kiko kichwani mwa Gikonyo. Mumbi yeye ndiye atakayeubeba uzito.

Yule muuza vitabu nimemwuliza kwa nini kurasa za mwisho ndizo zinazopotea. Anasema jalada la nyuma ndilo linalosuguliwa na mkoba na meza, likitoka, gundi ya mgongo inakosa kishikilio, na karatasi za nyuma zinafuatana moja moja. Nimeanza kumshonea vile vilivyo dhaifu: natoboa kwa msumari mwembamba, napitisha uzi wa fundi viatu, napaka gundi nyeupe ya mbao kidogo sana, naviweka chini ya jiriwa usiku kucha. Gundi ikizidi, mgongo unakauka na kuvunjika.

Mgongo_Wazi

Mwalimu, miisho inayogeuza kitabu kizima naweza kuongeza mmoja? Shujaa Okonkwo, ile Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa Kiswahili. Tumeishi na Okonkwo ndani ya nyumba yake, tunajua wake zake, watoto wake, viazi vikuu vyake, hofu yake ya kufanana na baba yake. Anajinyonga. Obierika anamwambia yule mkuu wa wilaya mzungu kwamba wao ndio waliomsukuma mtu mkubwa kujiua. Na mkuu yule anaondoka akiwaza kitabu chake: habari hii inaweza kuwa sura nzima, au labda si sura, aya moja ya kutosha. Kitabu kizima kinasinyaa kuwa aya moja mikononi mwa mtu mwingine. Ni yule mtalii na mfupa wangu, ila huyu ana kalamu na serikali.

Mwalimu_Butere

Ndiyo. Na tofauti yake na Shamba la Wanyama ni kwamba kule wanyama wanachungulia dirishani, wanatazama nguruwe na watu, hawawezi kuwatofautisha. Angalau wanaona. Umuofia, kwao Okonkwo, haitakisoma kitabu kile cha mkuu wa wilaya.

Mama_Kondele

Nina ombi, kwa kuwa tumefika kwenye kurasa zilizopotea. Nina The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ochola anamchukua mkewe Nyapol wanavuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, Nyapol hataki, wanapata mali, kisha jirani mwenye kijicho anamtupia Ochola ugonjwa, mwili unaota miiba. Nimefika pale mganga Magungu anaitwa. Hapo kitabu kimekatika. Mume wangu alikuwa akiniambia mwisho wake atanisimulia siku moja tukiwa safarini, kwa sababu sisi wenyewe tulikataa kuhamia mbali, na alitaka kuniuliza jambo. Hatukuwahi kuipata safari hiyo.

Msinisimulie. Nataka kusoma mwenyewe.

Fundi_Bondeni

Mama, nimekipata. Kilikuwa chini kabisa ya gunia, jalada limefifia lakini kurasa zote zipo, nimezihesabu mara mbili. Nimekishona mgongo jana, kiko chini ya jiriwa. Usukani, unashuka Kisumu lini?

Usukani_NakuruKisumu

Kesho gari ya saa kumi na mbili asubuhi. Nitapitia karakana yako. Mama, nikifika Ahero nitakupigia uje steji, nitakukabidhi mkononi. Sitampa kondakta.

Mzee_Kimilili

Kifunge kwa nailoni. Milima ya Kericho ina mvua msimu huu.

Mama_Kondele

Nimekipokea saa nne, hakina hata tone la maji. Fundi, mshono wako umenyooka kama wa fundi cherehani. Nimekaa nacho kibarazani na kile cha mume wangu pajani, nimelinganisha hadi nikapata mahali kilipokatika. Zimebaki kurasa kadhaa. Nimeweka chai, nimezima redio. Msiniandikie hadi kesho.